Zamu Nne kwa Siku: Kuishi Vizuri na Dayalisisi ya Tumbo Muhuru Bay

Mgonjwa wa figo anayeishi Muhuru Bay na kusafishwa damu kwa mashine huhesabu wiki zake kwa safari. Mara mbili au tatu kila wiki hana budi kufika Migori mjini au Homa Bay, alazwe kando ya mashine kwa saa nne hivi, kisha arudi nyumbani mwili ukiwa umelegea. Tangu 2015, serikali ilipoanza kupeleka vifaa vya dayalisisi katika hospitali za kaunti, mashine zimetusogelea. Hata hivyo nauli ni ile ile, na siku ya kazi iliyopotea hairudi.

Ipo njia nyingine, dayalisisi ya tumbo. Kwa njia hii mgonjwa hujisafisha mwenyewe nyumbani, bila mashine na bila umeme, kwa maji maalumu yanayokuja yamefungwa katika mifuko ya plastiki. Kliniki huenda mara moja kwa mwezi hivi. Hapa Kenya wanaoitumia bado ni wachache, na aghalabu huanzishwa katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, lakini duniani ni njia ya siku nyingi. Mpira laini unaowekwa tumboni ulibuniwa na daktari Henry Tenckhoff mwaka 1968. Utaratibu wa kubadilisha maji mara kadhaa kwa siku ulielezwa mwaka 1976 na Robert Popovich na Jack Moncrief wa Texas. Hong Kong waliipa kipaumbele kuanzia 1985, na mwaka 2008 Thailand wakaifanya kuwa chaguo la kwanza katika bima yao ya umma, hata wakulima wa vijijini wakajifunza kujisafisha majumbani mwao. Karibu nasi, hospitali ya KCMC kule Moshi imeitumia kuwaokoa watu ambao figo zao ziligoma ghafla.

Ninaandika kwa ajili ya mtu wa Muhuru aliyekwisha kuwekewa mpira au anayefikiria kuwekewa, na kwa ajili ya yule wa nyumbani atakayemsaidia. Neno langu kuu ni moja: ipangeni nyumba na siku nzima kwa kuzifuata zile dakika chache ambazo mpira unafunguliwa. Dakika hizo zikilindwa, kazi, safari, chakula na hata matanga ya jirani vitapata nafasi yake. Mashauri haya hayaondoi mafunzo ya muuguzi wako. Pale anapokuelekeza tofauti, mfuate yeye.

Tumbo linavyosafisha

Ndani ya tumbo mna utando mwembamba uliozunguka matumbo, wenye mishipa midogo mingi ya damu. Ukiingiza maji ya dayalisisi, kwa kawaida lita mbili kwa mtu mzima, taka zilizomo kwenye damu hupenya utando huo na kuingia katika maji. Sukari iliyomo nayo huvuta maji ya ziada mwilini, kama chumvi inavyovuta maji katika samaki wa kukaushwa. Baada ya saa nne hadi sita unayatoa maji hayo na kuingiza mapya. Hiyo ndiyo zamu moja. Wengi hufanya zamu nne kwa siku, kila moja ikichukua nusu saa hadi dakika arobaini, na katikati ya zamu mtu huendelea na shughuli zake.

Mifuko hutofautiana kwa kiasi cha sukari: asilimia 1.5, 2.5 au 4.25. Viwanda vingine huandika 1.36, 2.27 na 3.86, na maana yake ni ile ile. Mfuko mkali huvuta maji mengi zaidi, lakini huongeza sukari ya damu na unene, na ukitumiwa ovyo kwa miaka huuchakaza utando. Usijipandishie mfuko mkali kwa sababu jana ulikunywa chai nyingi. Mwenye kisukari ahesabu sukari ya mifuko pamoja na ya chakula, na kipimo chake cha insulini kipangwe upya na daktari tangu siku ya kwanza.

Chumba cha zamu

Si lazima ujenge chumba kipya. Kona moja ya chumba cha kulala inatosha, mradi ina mlango au pazia zito, meza inayofutika, kiti, mwanga mzuri na msumari au ndoano ya kuning'iniza mfuko juu ya bega lako. Mfuko wa kupokea maji machafu hukaa chini, juu ya beseni safi.

Kabla ya zamu, funga dirisha na mlango, zima feni, toa kuku na paka. Paka hupenda kuuchezea mpira, na jino moja likipenya, njia ya vijidudu imefunguka. Watoto watulie nje. Usifagie wakati huo, kwani vumbi la kiangazi huchukua muda kutua. Fagia asubuhi na mapema, au pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi.

Zamu ya usiku ina adui wake hapa kwetu: wadudu wa ziwani. Wakiinuka majini kama wingu huifuata taa yoyote inayowaka. Ifanye zamu hiyo mapema kidogo, kabla hawajajaa, au ziba dirisha kwa wavu wenye matundu madogo na uwashe taa ya sola ya chumba hicho pale tu umeshafunga kila upenyo. Koroboi iepuke kabisa. Moshi wake huchafua hewa na mwanga wake ni hafifu mno kwa kazi ya namna hii.

Msaidizi avae barakoa, na wewe pia. Mwenye mafua asiingie, hata kama ni mama mkwe aliyetoka mbali kuja kukujulia hali. Mwambie kwa upole kabla hajafika: "Mama, nikiwa kwenye zamu utanisubiri sebuleni, nikimaliza tutakaa pamoja."

Mikono kwanza

Maambukizi mengi ya tumboni hutokana na bakteria wa kawaida wanaoishi kwenye ngozi ya mtu yeyote. Kidole kikigusa ncha ya mpira iliyo wazi, hao bakteria huingia moja kwa moja mahali pasipo na kinga ya ngozi.

Maji ya dayalisisi yenyewe hutoka kiwandani yakiwa hayana vijidudu. Mashine ya hospitali hutumia zaidi ya lita mia moja za maji yaliyochujwa kila mara mgonjwa anaposafishwa, lakini wewe unahitaji maji safi ya kunawa tu. Maji ya ziwa yaliyoletwa kwa punda au pikipiki yasitumike hivyo hivyo. Yaache yatue, yachuje kwa kitambaa, kisha yachemshe au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri muda ulioelekezwa. Yahifadhi katika ndoo yenye kifuniko na mfereji. Usichovye kopo. Ndoo hiyo iwe ya zamu peke yake.

Vua saa, pete na bangili. Kucha ziwe fupi, bila rangi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha na vifundo, kwa dakika nzima au zaidi. Kausha kabisa kwa karatasi safi au taulo dogo lililofuliwa na kupigwa pasi, linalotumika mara moja tu. Mkono mbichi husambaza vijidudu kuliko mkono mkavu. Malizia kwa sanitaiza, ukisugua hadi ikauke. Ukigusa simu, nywele, pua au kiti, anza upya. Simu ikiita, iache iite.

Kabla ya kuunganisha, kagua mfuko: tarehe ya kuisha muda, nguvu ya sukari, maji yanayong'aa bila chembe, na hakuna kuvuja unapouminya. Kisha fuata mpangilio uliofundishwa: unganisha, toa maji ya zamani, pitisha maji mapya kidogo yasuuze mpira yakielekea kwenye mfuko wa taka, ndipo uingize mapya. Hatua ya kusuuza isirukwe hata kama una haraka, kwa kuwa ndiyo inayozoa vijidudu vilivyoponyoka wakati wa kuunganisha. Kifuniko kidogo cha ncha hutumika mara moja na kutupwa. Kikianguka, chukua kipya.

Maji yasiwe baridi wala moto. Joto la Muhuru mchana mara nyingi hutosha, lakini alfajiri baada ya mvua maji baridi yanaweza kukutetemesha na kukuletea mkakamao wa tumbo. Mwenye umeme apashe kwa kipasha joto kikavu, mfuko ukiwa bado ndani ya karatasi yake ya nje. Usiutumbukize katika maji ya moto, kwani ncha zikilowa huchafuka. Usiuweke karibu na jiko wala katika maikrowevu. Sehemu moja ya mfuko inaweza kuchemka nyingine ikiwa baridi, ukajiunguza ndani.

Kupanga saa

Ratiba ya kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Haikuandikwa kwenye jiwe, ila kila zamu ipate saa zake nne au zaidi tumboni, na ile ya kulala inaweza kukaa saa nane.

Mama anayeuza samaki na anahitaji kuwa ufuoni mitumbwi ya omena inapofika asubuhi afanye zamu kabla ya kutoka, auze, aanike, kisha arudi nyumbani kwa zamu ya mchana jua likiwa kali. Mwalimu apange zamu ya mchana wakati wa chakula, nyumbani au katika chumba safi kinachofungwa. Ukikwama, ni afadhali zamu ichelewe kwa saa mbili kuliko kuifanya ndani ya banda la samaki. Kuchelewa mara moja hakuleti madhara makubwa, lakini kuruka zamu kila siku hujaza sumu mwilini polepole: hamu ya kula hupotea, usingizi huharibika, ngozi huwasha, kichefuchefu huingia.

Ukienda matangani, maliza zamu nyumbani kabla ya kuondoka. Kama utalala huko, beba mifuko ya siku nzima na ya akiba, vifuniko, barakoa, sabuni na sanitaiza, na mwombe mwenye nyumba chumba kimoja kinachofungwa. Mweleze mapema, kwa simu, ili usianze kubembeleza katikati ya umati.

Tundu la mpira na kuoga

Mahali mpira unapotokea kwenye ngozi pakaguliwe kila siku, katika mwanga. Pasafishe kama ulivyofundishwa, pakaushe, paka mafuta ya antibiotiki ikiwa umeandikiwa, kisha ubane mpira kwa plasta usining'inie wala kuvutwa. Usibandue gamba kwa kucha. Wekundu, usaha, uvimbe au maumivu ni sababu ya kupiga simu kliniki siku hiyo hiyo, hata kama maji yanatoka safi. Maambukizi ya tundu hufuata mpira na kushuka tumboni.

Mkanda wa suruali na fundo la leso visikalie tundu. Mama anayebeba mtoto mgongoni asipitishe leso juu ya mpira. Mtoto abebwe na mwingine, au leso ifungwe juu ya kifua.

Kuoga ni kwa kujimiminia maji safi kwa kopo, tundu likiwa limefunikwa hadi muuguzi akuruhusu vinginevyo. Beseni la kukalia ndani ya maji halifai. Ziwani usioge wala kuogelea, na usisimame majini hadi kiunoni kuosha vyombo au kufua. Maji ya Ziwa Victoria yana vijidudu na pia kichocho. Wengine wafulie ukingoni, wewe uwaanikie.

Kazi ya ziwani

Mvuvi huuliza kwanza kama atarudi kwenye mtumbwi. Kuusukuma mtumbwi mchangani, kuvuta nyavu zilizolowa na kubeba mitungi ya lita 20 huongeza shinikizo ndani ya tumbo lililojaa maji, na ngiri au uvujaji huweza kufuata. Wiki za mwanzo baada ya mpira kuwekwa, usinyanyue kitu kizito kabisa. Baadaye muulize daktari kiwango chako. Kuvua omena usiku kucha, nguo zimelowa, kuna hatari mbili kwa pamoja, mzigo na unyevu. Zamu isifanyiwe mtumbwini kwa hali yoyote.

Kazi haiishii majini. Kutengeneza nyavu, kupima samaki ufuoni, kuandika daftari la kamati ya ufuo, kuuza mafuta ya injini au kusimamia mtumbwi unaovuliwa na vijana ni riziki anayoweza kuifanya mtu wa zamu nne. Zungumza na viongozi wa ufuo mapema, kabla ugonjwa haujakutoa kazini. Nao wakumbuke kuwa mtu huyu si wa kuhurumiwa pembeni. Ana saa tano kati ya zamu za kufanya kazi kama wao.

Sahani ya mgonjwa

Anayesafishwa kwa mashine huonywa asile potasiamu nyingi. Wewe hali yako ni tofauti kidogo. Kila siku maji ya dayalisisi hutoka na gramu 5 hadi 15 za protini yako, na usiporudisha, misuli huisha na kinga hudhoofu. Lengo la kawaida ni gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Gramu 100 za nyama ya samaki zina karibu gramu 20, na yai moja lina gramu 6 hivi.

Ziwa limetujalia hapo. Ngege na mbuta ni protini bora, ya bei inayofikika na yenye fosforasi ya wastani ukila nyama na kuacha mifupa. Omena nayo ni nzuri, lakini huliwa nzima na mifupa yake, na mifupa ina fosforasi nyingi. Fosforasi ikizidi huvuta kalsiamu kutoka mifupani mwako na kuugumisha mshipa wa damu. Omena iliwe mara chache kwa wiki, sahani iwe ndogo, na kama umeandikiwa dawa ya kufunga fosforasi, imeze pamoja na chakula. Ukiimeza ukiwa na njaa haisaidii. Soda nyeusi ni bora iachwe.

Wengi wanaofanya dayalisisi ya tumbo hupungukiwa potasiamu, na ikishuka sana misuli hulegea, hata matumbo huzembea. Ndiyo sababu huenda ukaruhusiwa ndizi, machungwa na mboga ambazo jirani yako wa mashine amekatazwa. Usikisie. Kipimo cha damu kila mwezi ndicho kitakachosema. Chumvi ya badala inayouzwa kwa wagonjwa wa presha mara nyingi ni potasiamu, kwa hiyo usiitumie bila ruhusa.

Chumvi ni adui wa kila siku. Isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu ile iliyofichwa. Imefichwa kwenye vibonge na unga wa mchuzi, kwenye samaki wa chumvi, na kwenye magadi yanayotiwa kulainisha mboga za kienyeji, kwa maana magadi yamejaa sodiamu. Osuga na apoth zipikwe bila magadi. Zichemshwe kidogo zaidi, zitiwe maziwa kiasi, nyanya na kitunguu. Familia yote itazoea ladha hiyo, na presha ya wengi nyumbani itanufaika.

Usiache tumbo lifunge. Choo kigumu hubana mpira, maji hayatoki vizuri, na bakteria huweza kupenya kutoka kwenye utumbo. Mboga, mtama, wimbi na kutembea kila siku husaidia. Siku mbili zikipita bila choo, omba dawa ya kulainisha kliniki.

Mizani, presha na kiu

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kutoa maji, kwa mizani ile ile, ukiwa na nguo nyepesi. Andika kwenye daftari pamoja na presha na kiasi cha maji yaliyoingia na yaliyotoka kila zamu. Uzito ukipanda kilo moja kwa siku moja, hiyo si mafuta, ni karibu lita moja ya maji iliyobaki mwilini. Miguu inayovimba, pumzi kukatika ukilala chali, uso kujaa asubuhi ni dalili za maji kuzidi. Kizunguzungu ukisimama na mkakamao wa misuli huonyesha umetoa kupita kiasi.

Kama huna mashine ya presha, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu hao mikoba yenye mashine ya presha, mizani na kipima sukari. Mwombe akupitie kwa siku maalumu za wiki.

Kiasi cha kunywa hupangwa kwa mkojo wako na maji yanayotolewa na mifuko. Uji, chai, mchuzi na matunda yenye maji vyote vinahesabiwa. Kiu ya jioni kwenye joto la ziwa hupungua ukipunguza chumvi na kusukutua mdomo kwa maji baridi.

Ukiwa bado unakojoa, ulinde mkojo huo. Figo zilizobaki na nguvu kidogo husaidia kusafisha na kutoa maji. Epuka diklofenaki, ibuprofeni na miti shamba isiyojulikana kipimo, hata kama mgongo unauma. Uliza kwanza ni dawa gani ya maumivu inakufaa.

Mifuko na taka

Zamu nne kwa siku ni mifuko 120 kwa mwezi, uzito wa zaidi ya robo tani. Ikitoka Migori inahitaji gari, na chumba cha kuiweka. Ipange juu ya mbao, si sakafuni, mbali na ukuta unaovuja, jua la bati, mafuta ya taa na panya. Ya zamani itumike kwanza. Usingoje ibaki ya siku mbili ndipo uagize. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, weka akiba ya angalau wiki moja juu ya mahitaji, maana Mto Kuja umewahi kufurika na kuhamisha watu Nyatike.

Maji yaliyotoka tumboni yachukuliwe kama damu. Yamimine polepole chooni baada ya kuyakagua, yasimwagwe uani wala ziwani. Anayeyamwaga avae glavu, na kama kliniki imekuelekeza kuyatia dawa ya kuua vijidudu, fanya hivyo. Mifuko tupu ikatwe kabla ya kutupwa kama ulivyoelekezwa, ili isije ikaokotwa na kubebea maji ya kunywa.

Siku ya hatari

Maji yanayotoka yanapaswa kuwa angavu, ya manjano hafifu. Laza mfuko juu ya ukurasa wa gazeti: ukisoma maandishi kupitia maji hayo, ni salama. Maandishi yakififia kwa ukungu, ichukulie kuwa ni maambukizi hadi hospitali ikanushe. Maumivu ya tumbo na homa huweza kuja baadaye au yasije kabisa.

Usiyamwage maji hayo. Funga mfuko, uubebe, uende siku hiyo hiyo. Hospitali hupima chembe nyeupe katika maji, na dawa ya antibiotiki mara nyingi huingizwa tumboni kupitia mpira. Kila saa inayopotea huongeza uwezekano wa mpira kung'olewa. Piga simu ukiwa njiani na useme kwa ufupi: "Sista, mimi ni mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo kutoka Muhuru Bay. Maji ya alfajiri yametoka na ukungu, tumbo linauma tangu usiku. Mfuko ninao, nakuja nao."

Hapa kando ya ziwa homa yoyote huitwa malaria. Pimwa malaria, ndiyo, na ulale ndani ya neti kila usiku, lakini usikubali kupewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani kabla maji ya tumbo hayajaangaliwa. Kwa kuwa zahanati nyingi hazijazoea njia hii, tembea na barua ya kliniki yako yenye namba ya simu, dawa unazotumia, na onyo kwamba mpira huo usiguswe na asiyefunzwa.

Mambo mengine ya kukumbuka:

Ncha ikigusa nguo au kidole, funga kibano, usiingize maji, weka kifuniko kipya na uende kliniki.

Mpira ukipasuka, bana kati ya mpasuko na mwili wako, funika kwa kitambaa safi, ondoka mara moja.

Maji yakitoka kidogo, angalia kama mpira umejikunja au kibano kimefungwa, geuka ubavu, simama, tembea. Yakiendelea kukataa, piga simu.

Nyuzi nyeupe ndani ya maji, au rangi ya waridi wakati wa hedhi, mara nyingi si hatari, lakini ziripoti.

Pikipiki au gari la usiku lipangwe leo, na mwenyewe ajue kwamba simu yako saa nane za usiku si ya kupuuzwa.

Pesa na watu

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Asiyeajiriwa hulipa asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai, na fedha huwa haba ufuoni. Mchango ulipwe kabla ya Aprili, wakati omena bado inauzwa. Kabla mpira haujawekwa, mwambie afisa wa bima hospitalini athibitishe kwa maandishi kwamba mifuko ya kila mwezi italipiwa, na nani ataileta.

Wafunzwe watu wawili nyumbani, wewe na mwingine mmoja, na mrudie mafunzo hayo kliniki kila mwaka na baada ya kila maambukizi. Ukizoea sana ndipo hatua huanza kurukwa. Mwenzi wako ajue kwamba mpira hauzuii unyumba. Unafungwa vizuri kwa plasta, na wengine huona ni rahisi tumbo likiwa tupu. Vijana wajue ratiba, ili kelele na kugonga mlango visubiri.

Wiki hii anza na mambo matatu: chagua kona ya zamu na uipigilie msumari wa mfuko, nunua ndoo yenye mfereji isiyotumika kwa kingine chochote, na uandike namba ya kliniki kwa kalamu nene ukutani mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma na kuipiga.